Deni la mali kauli: kisa cha mtaa mmoja wa ufukweni Kigoma

Kisa hiki kilitokea katika mtaa mmoja wa kando ya ziwa, Manispaa ya Kigoma Ujiji. Jina la mtaa nimeliacha, mwalo wake, yaani ufukwe wa kushushia samaki na mizigo, nimeuacha, na baadhi ya siku nimezisogeza ili mtu asije akaunganisha moja na mbili akamfikia mwenyewe. Wahusika nawaita kwa kazi walizokuwa wakifanya. Mimi nilikuwamo kama afisa ustawi wa jamii, na baadaye kama mwandishi wa kikao nitakachokieleza huko mbele. Nawaandikia watendaji wa kata, wenyeviti wa mitaa, wauguzi na wakaguzi wa polisi wa kata wa miji ya mpakani, maana mahali tulipojikwaa sisi ni rahisi mwingine kujikwaa kesho.

Mji na ziwa lake

Kigoma ni mwisho wa reli. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1914, na pale inapokoma linaanza ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 670, la nchi 4: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Kongo ukiwa umesimama ufukweni. Mpaka wetu ni maji, hauna ukuta wala geti, na ng'ambo ya maji hayo watu wengi wa Ujiji wana ndugu. Boti za mbao zinazotoka Kibirizi zikiwa na saruji, unga na sabuni ndizo uti wa mgongo wa mji. Katika njia hizo hizo hupita pia mizigo isiyotaka kuonekana, na katika mtaa ninaousema mzigo huo ulikuwa bangi.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa pevu wavuvi hupumzika. Kwa hiyo usiku wa kazi ziwa huwa na taa nyingi hata ukadhani ni mtaa mwingine, na kila taa ina watu wanne, watano wanaotazama nani anapita. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Uamuzi wenyewe nauunga mkono. Aliyeona ukubwa wa dagaa waliokuwa wakiletwa mwaloni miaka ya karibuni hawezi kuupinga. Lakini kisa hiki kimo ndani ya msimu wa kufungwa, na msimu huo ulileta mambo mawili kwa mpigo. Vijana wa kuvuta nyavu, wanaolipwa kwa mgawo wa kilichopatikana usiku huo, walibaki bila senti. Na ziwa likabaki bila macho.

Biashara inayoendeshwa kwa mali kauli

Msomaji asipoelewa jambo hili hatayaelewa mengine. Anayebeba mzigo hana fedha ya kuununua. Tajiri anampa kwa mali kauli, kama mama wa sokoni anavyopewa ndoo ya samaki aina ya migebuka asubuhi akarudisha fedha jioni. Nahodha anaupokea ng'ambo kwa neno, anamkabidhi mpokezi ufukweni kwa neno, na mpokezi anawagawia wachuuzi wa vijiweni kwa neno. Fedha inarudi kwa njia ile ile kinyumenyume. Kila mmoja hapo katikati ni mdaiwa.

Tofauti yake na mama wa migebuka ni hii: mama akishindwa kulipa, kuna mwenyekiti wa mtaa, kuna baraza la kata, kuna wazee. Deni la bangi halina wa kulisikiliza. Hakuna hakimu atakayempa mtu hukumu kwa mzigo ambao kuumiliki tu kunampeleka gerezani, kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ambayo kwa usafirishaji adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kwa hiyo deni linadaiwa kwa panga. Anayedai hafanyi hivyo kwa ukatili wa kuzaliwa nao. Anajua kwamba akimsamehe mmoja hadharani, wote wengine hawatalipa.

Ilinichukua wiki nyingi kulielewa hili. Mwanzoni nilidhani vijana wanakatana kwa sababu wamevuta. Nilikuwa nimekosea kabisa.

Usiku wa mzigo kuzama

Mwezi Juni, usiku, boti ya doria iliukaribia mtumbwi wenye injini uliokuwa ukija bila taa. Ndani walikuwamo wawili: Nahodha, mtu wa miaka thelathini na kitu, na Msaidizi, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akivuta nyavu kabla ya ziwa kufungwa. Waliyatupa magunia majini wakajirusha nao. Waliogelea mpaka mawe ya pwani, wakafika hai.

Kwa doria, kazi ilikuwa imekwisha vizuri: mzigo haukufika, mtumbwi umekamatwa. Kwa Msaidizi, ndiyo kwanza mambo yanaanza. Tajiri hakuamini. Alisema magunia yameuzwa pembeni na hadithi ya doria ni kisingizio. Nahodha, ambaye ana shemeji ng'ambo, alivuka siku ya tatu na hakurudi. Deni lote likabaki kwa kijana ambaye malipo yake ya safari nzima yalikuwa hayafiki hata bei ya simu ya mkononi.

Siku ya tisa alijeruhiwa kwa panga kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, kijiweni, saa moja jioni, watu wakiangalia. Mama yake alimpeleka zahanati akiwa amemfunga kwa kanga. Muuguzi wa zamu alinisimulia baadaye:

"Shikamoo sista," kijana alimwambia, bado ana adabu zake huku damu inachuruzika mpaka kwenye kandambili. "Nimeangukia chupa."

"Marahaba mwanangu. Chupa gani hiyo inakata kutoka juu kwenda chini?"

Kijana alinyamaza. Mama akasema, "Sista, mshone tu. Polisi hatuendi."

Hapa ndipo penye fundo la kisa. Mtu aliyejeruhiwa kwa kushambuliwa anatakiwa apate fomu ya polisi namba 3, ile tunayoiita PF3. Ukiwa umekatwa kwa sababu ya mzigo wa bangi, kwenda kuomba PF3 ni kujipeleka. Kwa hiyo majeraha yale yalikuwa yanashonwa kwa jina la chupa, bati, shoka la kuni. Kituo cha polisi hakikuwa na taarifa ya hata moja. Muuguzi alikuwa ameona manne ndani ya mwezi, yote ya vijana wa kiume, yote ya upande wa mkono unaojikinga uso. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuwa na wa kumwambia.

Mama wa Msaidizi aliweka rehani cherehani yake, akampelekea tajiri fedha kupitia mtu. Fedha ikapokewa, na jibu likarudi kwamba hiyo ni ya usumbufu. Deni liko pale pale.

Kulipiza, na kifo

Sitasimulia kila tukio. Mtaa ulikuwa na vijiwe viwili, cha juu karibu na barabara na cha chini mwaloni, na kila kimoja kilipokea mzigo kutoka kwa tajiri wake. Rafiki zake Msaidizi wa chini walilipiza kwa waliomkata. Wa juu wakaiba injini. Wa chini wakachoma kibanda. Mnamo Julai kila wiki ilikuwa na jeraha lake.

Kisha akafa mtoto. Alikuwa na miaka 16, ametoka kuangalia mpira kwenye banda la video, amevaa jezi ya rangi moja na ya kijana mwingine aliyekuwa akitafutwa. Alichomwa kisu mgongoni karibu na mfereji. Alikuwa hajawahi kushika hata msokoto.

Siku ya tatu baada ya mazishi uliitishwa mkutano wa hadhara. Kiongozi mmoja aliyekuja kutoka ofisi ya juu alisimama akasema wazazi wawachunge watoto wao, kwa sababu "hawa wanaouana ni wenyewe kwa wenyewe." Mama mdogo wa marehemu alisimama akiwa bado amejifunga kanga ya msiba. Hakupiga kelele. Alisema, "Mheshimiwa, mwanangu alikuwa na daftari la hesabu mfukoni. Lina damu. Nikuletee ulisome?" Kisha akakaa. Mkutano ukafa hapo hapo, na kwa wiki mbili zilizofuata hakuna mtu wa mtaa aliyempa ofisi yoyote taarifa ya kitu chochote.

Ikumbukwe kwamba watu wa Kigoma wana kumbukumbu ya kutosikilizwa. Miaka iliyoishia karibu na 2019, wanawake wa mji huu walivamiwa majumbani usiku na wanaume waliojipaka mafuta, waliopewa jina la teleza, na muda mrefu ulipita kabla kilio chao hakijachukuliwa kwa uzito. Neno moja la kubeza mbele ya watu waliobeba kumbukumbu hiyo lina gharama kubwa kuliko msemaji anavyodhani.

Uamuzi wa kwanza: msako na mgambo

Baada ya kifo ulifanyika msako wa usiku tatu. Vijana zaidi ya thelathini walikusanywa, wengi wakaachiwa baada ya siku moja au mbili kwa kukosa ushahidi. Sababu ya uamuzi huo ilieleweka: watu walitaka kuona kitu kinafanyika, na wakubwa walitaka kuonyesha kwamba kinafanyika. Ndani ya msako zilipatikana puli, yaani vifurushi vidogo, kadhaa za bangi na magunia mawili kwenye nyumba ya mpokezi wa kijiwe cha juu.

Magunia mawili yale yalikuwa mali kauli. Ndani ya wiki moja vijana watatu walikatwa, wote wadaiwa wa mzigo uliokamatwa. Tulikuwa tumekamata mzigo, tukawaacha wadaiwa mtaani na wadai mtaani.

Wakati huo huo mtaa ukaunda ulinzi wake wa jadi wa usiku. Watu wa mkoa wa jirani wa Tabora wanaufahamu vizuri mtindo huo. Sungusungu ilianzia huko Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, na huko ilisaidia. Kwetu usiku wa nne walinzi walimkamata fundi baiskeli aliyekuwa akitoka kwa mgonjwa wake, wakampiga mpaka akavunjika taya. Mmoja wa walinzi hao, tulikuja kujua, alikuwa anadaiwa na kijiwe cha juu. Ulinzi ulivunjwa na mwenyekiti wa mtaa asubuhi yake, na nampongeza kwa kutosubiri.

Uamuzi wa pili: kikao cha Jumanne

Wazo lilitoka kwa muuguzi. Alikuja ofisini kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameandika, bila majina, tarehe na mahali pa kila jeraha la panga au kisu aliloshona tangu Mei: kumi na moja. Aliuliza kama kuna mtu anayehitaji karatasi hiyo. Nilimwambia ninayo haja nayo mimi, na kweli mikono ilikuwa inanitetemeka.

Tukakusanyika saba: mwenyekiti wa mtaa, mkaguzi wa kata, muuguzi, imamu wa msikiti wa karibu, mwenyekiti wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, mama mmoja kiongozi wa wakaushaji dagaa, na mimi. Kila Jumanne baada ya alasiri, nyuma ya zahanati, saa moja tu. Ajenda ilikuwa moja: wiki hii damu imemwagika wapi, na nani anafuata kumwagiwa.

Niliwaletea wenzangu habari za Ciudad Juárez, mji wa Mexico unaotazamana na El Paso ya Marekani. Mji ule wakati huo ulikuwa na watu wapatao milioni 1.3, na mwaka 2010 pekee waliuawa zaidi ya watu 3,000, magenge makubwa mawili yakigombea njia ya kuvusha dawa. Serikali ilikuwa imepeleka wanajeshi kwa maelfu tangu 2008, na mauaji yakazidi kupanda. Tarehe 31 Januari 2010 wenye silaha waliingia kwenye sherehe ya vijana katika kitongoji cha Villas de Salvárcar wakaua watu 15, wengi wao wanafunzi. Rais wa nchi, Felipe Calderón, alilieleza tukio lile mwanzoni kana kwamba ni ugomvi wa magenge. Alipofika mjini, mama wa wawili kati ya waliouawa alisimama mbele yake akamwambia hawezi kumkaribisha. Nilipofika hapo mama mkaushaji alisema, "Kumbe na huko." Hakuna aliyeongeza neno.

Baada ya hapo serikali ya Mexico ilianzisha mpango mkubwa wa shule, afya na viwanja vya vijana, na ikaundwa meza ambapo madaktari, wafanyabiashara na wananchi waliketi mara kwa mara na wakuu wa usalama wakipitia takwimu za mauaji, utekaji na utozaji wa kodi za magenge. Kufikia 2012 mauaji yalikuwa chini ya 800. Sikuwaficha wenzangu upande wa pili: wachambuzi wengi wanasema mauaji yalishuka pia kwa sababu genge la Sinaloa lilikuwa limemshinda mpinzani wake. Tulichukua meza, hatukuchukua sifa.

Maamuzi yetu yalikuwa haya.

La kwanza: majeruhi anatibiwa kwanza, fomu inafuata, na mkaguzi wa kata hamkamati mtu akiwa kitandani kwa kosa la bangi. Mkaguzi alisita sana hapa. Alisema, "Mimi nina kiapo." Imamu akamjibu kwamba hakuna anayemwomba avunje kiapo, tunamwomba apange kipi kianze. Alilipeleka kwa wakubwa wake, akarudi Jumanne iliyofuata na kibali cha mdomo.

La pili, tulilolijadili kuliko yote: deni. Wazee wawili wa mtaa waliomba kikao kikae na matajiri, kisuluhishe, familia zilipe kidogo kidogo, damu iishe. Walikuwa na nia safi. Tulikataa. Kikao kikishasimamia malipo ya mzigo wa bangi, kimekuwa baraza la kata la bangi, na tajiri atakuwa amepata alichokosa siku zote: mahakama yake. Mzee mmoja hakukubaliana nasi, akaenda kimyakimya kulipa deni la mjukuu wake. Wiki ya pili mjukuu aliletewa mzigo mpya, mkubwa zaidi, kwa sababu sasa anajulikana ana mlipaji.

Badala ya kusuluhisha, tulifungua mlango wa kuondoka. Kijana anayetishwa kwa deni, familia ikisema, alisafirishwa ndani ya siku mbili kwenda kwa ndugu: wengine Kasulu, mmoja Kibondo, wawili walipanda treni kwenda Tabora. Msaidizi alikuwa wa kwanza kuondoka. Nauli zilitoka kwenye sadaka ya msikiti na mfuko wa akina mama wa dagaa, ambao wenyewe hawakuwa na kazi msimu ule.

La tatu lilikuwa ujumbe. Msingi wake ni jambo lililofanyika Boston, Marekani, mwaka 1996, ambako polisi, viongozi wa dini na wafanyakazi wa jamii waliwaita wanamagenge wakawaambia ana kwa ana kwamba risasi itakayofuata italivutia kundi zima macho yote ya dola, na anayetaka kutoka atasaidiwa. Mauaji ya vijana yalishuka sana. Sisi hatukuwaita popote. Mkaguzi, imamu na mama mkaushaji walikwenda kwa miguu, mchana kweupe, nyumba kwa nyumba, kwa mama au mjomba wa kila kijana mwenye sauti katika vijiwe vile viwili. Maneno yalikuwa yale yale kila nyumba. Mama mkaushaji ndiye aliyeyasema, na ninayaandika kama yalivyo:

"Hatukuja kukamata mtu leo. Tunajua kinachoendelea na ninyi mnajua kwamba tunajua. Kuanzia leo, damu ya kwanza itakayomwagika, kijiwe cha aliyeimwaga ndicho kitakachofuatwa kwanza, kwa kila kosa, mpaka la baiskeli bila breki. Na mwenye kutaka kumtoa mwanawe aniambie mimi, nyumbani kwangu anapajua."

Walikwenda nyumba kumi na nne. Nyumba mbili hawakufunguliwa.

Jaribio

Siku kumi baadaye kijana wa kijiwe cha juu alimchoma mwenzake bisibisi ubavuni. Wote tulijua kwamba tunapimwa. Ndani ya saa arobaini na nane polisi walikifuata kijiwe cha juu peke yake: wanne walikamatwa, wawili kwa shambulio na wawili kwa bangi, na stoo ambayo kila mtu aliijua lakini haikuguswa kwenye msako ilifungwa. Kijiwe cha chini hakikuguswa. Hili lilileta manung'uniko, hata ndani ya kikao, kwamba tunabeba upande. Lakini mtaa ulielewa: kilichoadhibiwa ni bisibisi.

Kesi mahakamani ilikuwa ngumu zaidi. Shahidi wa kwanza alitishwa kwa simu siku moja baada ya kuandika maelezo, maana yake mtu ndani ya mnyororo wetu alilitoa jina lake. Hatukumjua ni nani. Tanzania ina Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi tangu mwaka 2015, lakini sheria ikiwa kitabuni na shahidi akiwa mtaani kwake, usiku ni mrefu. Tulimhamishia kwa dada yake, akarudi kutoa ushahidi. Wa pili alikataa, na simlaumu.

Matokeo

Daftari la muuguzi lilionyesha majeraha kumi na moja kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai, bila kuhesabu marehemu, ambaye hakufika zahanati, wala wale waliotibiwa kwa waganga wa mitaani. Kuanzia Agosti hadi mwisho wa Oktoba yalikuwa mawili, likiwamo lile la bisibisi. Hakuna aliyekufa. Wawili kati ya wanne walifungwa kwa shambulio.

Biashara haikuisha. Kwa tunavyoelewa ilihamia mwalo mwingine kusini, ambako hakuna kikao. Wavuvi wa huko waliniambia hivyo wenyewe, na walinitazama kwa namna ambayo nilishindwa kuwajibu.

Kilichofanya kazi, kisichofanya, na nisicho na hakika nacho

Kilichofanya kazi kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni karatasi ya muuguzi. Kabla yake kila ofisi ilikuwa inahesabu kitu chake: polisi puli, doria mitumbwi, halmashauri mikutano. Hakuna aliyekuwa anahesabu majeraha. Ukihesabu magunia, utakamata magunia, na kila gunia ulilokamata linaacha nyuma mdaiwa mmoja au wawili. Sisemi mizigo isikamatwe. Nasema siku inayokamatwa ndiyo siku ya hatari, na mkaguzi anayejua hivyo anauliza usiku ule ule: nani alikuwa ameubeba, na atalala wapi?

Pia ilikuwa sahihi kumweka mama mkaushaji mbele. Yeye si mkubwa wa ofisi yoyote, lakini nusu ya wale vijana walikuwa wamewahi kubeba ndoo zake wakiwa wadogo. Maneno yale yale yakitoka kwa mtu mwenye sare yangesikika kama kitisho tu. Yakitoka kwake yalikuwa kitisho na mlango kwa pamoja.

Msako ulishindwa kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Sungusungu ilishindwa kwa sababu wezi wa ng'ombe wanatoka nje ya kijiji na wachuuzi wa bangi wanakaa ndani ya nyumba za walinzi. Na kikao chetu kilishindwa kwenye siri. Tulikuwa saba, lakini taarifa za shahidi zilipita kwa watu wengi kuliko saba. Leo ningeshikilia kwamba jina la shahidi lisitamkwe kabisa mezani, hata kwetu.

Lipo kosa langu binafsi. Vijana tuliowasafirisha walikuwa saba, na niliwafuatilia kwa simu mwezi mmoja tu. Wawili walirudi kimyakimya Novemba. Kumtoa mtu kwenye deni bila kumpa kazi ni kumpeleka likizo.

Kisha lipo swali ambalo muuguzi ananiuliza kila tunapokutana, nami sina jibu. Kikao kilianza mwishoni mwa Julai. Ziwa lilifunguliwa 15 Agosti. Taa zikarudi majini, vijana wakarudi kwenye nyavu, mgawo ukarudi mifukoni, macho yakarudi ziwani. Inawezekana kabisa kilichoshusha majeraha ni dagaa, na sisi tulikuwa tumekaa tu nyuma ya zahanati. Juárez wanabishana hivyo hivyo hadi leo. Namna pekee ya kupata jibu ni msimu unaofuata wa kufungwa, na kwa ajili hiyo tuliomba halmashauri mambo mawili kabla ya Mei: kazi za muda za kulipwa kwa wavuta nyavu katika miezi ile mitatu, hata ikiwa ni kuchimba mitaro, na doria ya wavuvi wenyewe ziwani usiku, wakiwa na taa zao, walipwe kwa kutazama badala ya kuvua. La mitaro lilikubaliwa kwa sehemu. La doria bado lipo kwenye faili.

Kikao kinaendelea, sasa kila Jumanne ya pili. Muuguzi amehamia kwenye daftari gumu la kurasa mia mbili, na ukurasa wa kwanza ameubandika ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Msaidizi yuko Tabora kwa mjomba wake, anapaki asali, na mkono wa kushoto vidole viwili havikunji. Cherehani ya mama yake bado iko rehani.